Maswahiba wa Chelezo: Filamu ya Zack Gottsagen kwa Macho ya Mhudumu

Filamu ya maswahiba ni aina ya sinema inayowafunga pamoja watu wawili wasiolingana kwa tabia, umri au hali, ikawatia safarini au matatani, kisha ikawaacha wagombane hadi kila mmoja atambue kwamba mwenzake anacho kitu ambacho yeye amekikosa. Hollywood imezitengeneza nyingi mno, kiasi kwamba mtazamaji mzoefu huweza kukisia mahali pa ugomvi na mahali pa kukumbatiana kabla taa za ukumbi hazijazimwa. The Peanut Butter Falcon, iliyoandikwa na kuongozwa na Tyler Nilson na Michael Schwartz na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani mnamo Agosti 2019, inaufuata mkondo huo bila kuona haya: wamo watoro wawili, wamo wanaowasaka, yamo maji ya kuvukwa, na mwishoni imo furaha iliyochanganyika na majeraha. Kivuli cha Mark Twain kimetanda juu yake, kwani ni Twain ambaye katika Huckleberry Finn alimpandisha mvulana mtoro na mtumwa mtoro juu ya chelezo kimoja. Kinachoifanya filamu hii istahili kufikiriwa zaidi ya burudani yake ni kwamba mmoja wa maswahiba hao, Zack Gottsagen, ni mwigizaji mwenye sindromu ya Down, na kwamba nafasi hiyo iliandikwa kwa ajili yake baada ya yeye mwenyewe kuidai.

Makala haya yanaitazama filamu hiyo kutoka mahali ambapo wahakiki wa sinema hawakai mara nyingi. Mwandishi wake aliwahi kufanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Marekani kama mhudumu katika nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, yaani nyumba ya kawaida ya mtaani ambamo watu wachache huishi pamoja chini ya uangalizi wa wafanyakazi wanaopokezana zamu usiku na mchana. Kazi hiyo imewapokea Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, na katika soga za ughaibuni hutajwa kwa mzaha sambamba na ile ya kubeba maboksi, ingawa anayeifanya hujua upesi kwamba boksi halina jina wala halimkumbuki aliyelibeba vibaya. Mtu aliyewahi kushika zamu za namna hiyo hawezi kuitazama The Peanut Butter Falcon akiwa upande wa watoro peke yao; jicho lake humfuata Eleanor, mhudumu aliyeigizwa na Dakota Johnson, ambaye anatumwa kumrudisha mtoro.

Mtoro huyo, Zak, aliyeazimwa jina la mwigizaji wake kwa kupunguziwa herufi moja, ni kijana wa miaka 22 asiye na jamaa, ambaye jimbo la North Carolina limemweka katika makao ya wazee kwa kuwa halikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Siku zake huzimaliza akirudia kutazama mkanda mkuukuu wa video wa mwanamieleka ajiitaye Salt Water Redneck, ambaye humo anaitangaza shule yake ya mieleka, na azma ya Zak ni kuifikia shule hiyo. Jaribio la kwanza la kutoroka analipanga kwa kumhonga bibi mmoja kitindamlo ili ajifanye amepaliwa, nalo linashindikana mlangoni. La pili linafaulu kwa msaada wa Carl, mzee wanayelala naye chumba kimoja (Bruce Dern), ambaye anapanua nondo za dirisha na kumpaka kijana sabuni ili ateleze kati yake, na hivyo Zak anaingia usiku wa dunia akiwa na chupi tu. Anajificha katika mashua ya Tyler, mvuvi wa kaa aliyeigizwa na Shia LaBeouf, ambaye amefiwa na kaka yake, ameiba kaa waliokuwa katika mitego ya wenzake, ameteketeza zana zao kwa moto, na sasa anakimbia kipigo. Wanavuka mashamba na vinamasi vya mwambao, wanapewa na mhubiri kipofu vitu chakavu vya kuundia chelezo, na Eleanor, baada ya kuwapata, anajikuta naye amepanda.

Sindromu, kwa lugha ya tabibu, ni mkusanyiko wa dalili zinazoandamana kwa chanzo kimoja. Ile ya Down imepewa jina la John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866, na chanzo chake kilithibitishwa Paris mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune na wenzake, akiwamo Marthe Gautier ambaye mchango wake ulikaa gizani kwa miaka mingi, walipoonyesha kwamba seli za watu hao zina kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa kromosomu ya 21 ina nakala tatu. Na kromosomu ni zile nyuzi ndogo mno zinazobeba maelekezo ya urithi. Nakala hiyo ya ziada huchelewesha kujifunza na kusema, hulegeza misuli, na karibu nusu ya watoto wenye hali hiyo huzaliwa na kasoro ya moyo. Haiamui, hata hivyo, kama mtu atakuwa mcheshi, mkaidi, mwenye wivu au mpenda makuu. Nchini Marekani, ambako hutokea takriban mara moja katika kila vizazi 700, umri wa kuishi wa watu hao ulikadiriwa kuwa wastani wa miaka 10 mwaka 1960, na kufikia 2007 ulikuwa umepanda hadi 47 hivi, kwa sehemu kubwa kwa sababu madaktari walianza kuwafanyia upasuaji wa moyo watoto ambao zamani waliachwa bila matibabu, na kwa sababu wengi waliacha kulelewa katika taasisi zilizofungwa. Ndipo kikazuka kizazi cha watu wazima ambacho sheria, nyumba na sinema hazikuwa zimekiandalia pa kukaa, watu wa miaka 30 na 40 ambao wazazi wao wanazeeka au wamekwisha kufa. Zak ni mwana wa kizazi hicho.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akadhani kwamba kijana kulazwa kati ya wazee ni chumvi ya mwandishi wa filamu. Chumvi haimo. Medicaid, mpango wa serikali wa kugharimia tiba na matunzo ya watu wa kipato kidogo, unalilazimu kila jimbo kulipia makao ya uuguzi, lakini huduma nyingi za kumwezesha mtu kuishi mtaani zimeachwa kuwa hiari ya jimbo, na penye hiari pana foleni ya miaka. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead iliyoanzia jimbo la Georgia, ambako Lois Curtis na Elaine Wilson waliendelea kuwekwa hospitalini ingawa waliokuwa wakiwatibu walikwisha kusema kwamba wanaweza kuishi uraiani, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi pasipo sababu ya haki ni ubaguzi unaokatazwa na sheria ya mwaka 1990. Yapo mambo yanayojipanga yenyewe: filamu kuhusu kijana anayepenya nondo za makao ilipigwa picha mwaka 2017 katika eneo la Savannah, ndani ya Georgia hiyo hiyo. Kwetu Pwani kijana wa namna yake angekuwa kwa bibi au shangazi, akitumwa dukani na kuchezewa utani uani, au, katika nyumba nyingine, akisukumwa chumba cha nyuma kila mgeni anapopiga hodi, kwa hiyo hakuna sababu ya msomaji kujipongeza mapema.

Eleanor si mkatili, na hapo ndipo filamu inapoonyesha akili. Anampenda Zak, anamjua, anamtafuta kwa gari lake kutoka mji hadi mji, na bado yeye ndiye mlinzi wa mlango. Aliyefanya kazi hiyo huielewa hali hiyo bila kuelezwa. Sheria ya shirikisho hudai mhudumu wa makao ya uuguzi apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, na haki ya mkazi kujichagulia imo ndani ya mtaala. Lakini mafunzo ni siku chache na zamu ni miaka, na zamu huendeshwa na makaratasi. Mkazi akianguka, kuna fomu. Akikataa dawa, kuna fomu. Akikutwa na alama ya kuvia damu mkononi, kuna fomu na kuna simu ya kumwamsha msimamizi hata iwe saa nane za usiku. Hakuna fomu ya kuandika kwamba mtu amekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi hadi jioni, wala kwamba aliomba kwenda mahali akaambiwa kesho, na kesho hiyo ikaja ikiwa na upungufu wa mfanyakazi. Taasisi huona kile inachokiandika. Mtu aliyevunjika mkono akijifunza kuendesha baiskeli ni tukio, ilhali mtu ambaye hakupanda baiskeli maisha yake yote ni ripoti safi. Msimamizi wa Eleanor anapotaka Zak aorodheshwe kuwa mtu wa hatari ya kutoroka, hasemi uongo. Anatumia tu lugha pekee ambayo ofisi yake inaifahamu.

Kinyume cha lugha hiyo kinasikika katika mazungumzo mafupi kuliko yote ya filamu. Zak, akiwa bado mgeni kwa Tyler, anamfungulia siri kwamba ana sindromu ya Down, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuona nyuso zikibadilika baada ya tamko hilo. Tyler anajibu kwamba hilo halimhusu, na anachotaka kujua ni kama ana chochote cha kuwafaa safarini. Ni rahisi kulichukua jibu hilo kuwa kichekesho cha mvuvi asiye na adabu, lakini mhudumu huliona kwa namna nyingine, kwa sababu katika nyumba alimofanya kazi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mkazi amekuja na nini. Maswali yote yalihusu anachohitaji. Tyler, kwa ubinafsi wa mtu anayesakwa, anamfanya Zak kuwa mchangiaji wa safari: ana mzigo wa kubeba, ana sharti la kutomchelewesha mwenzake, na anakaripiwa anapolikiuka. Urafiki wao haujengwi na wema wa Tyler, ambaye mwanzoni ana wema haba. Unajengwa na madai yanayokwenda pande zote mbili.

Robert Perske, Mmarekani aliyeandika mwaka 1972 kuhusu malezi ya watu wenye ulemavu wa akili baada ya kujionea mambo ya Skandinavia, aliliita jambo hili kwa maneno yanayoweza kuelezwa kuwa ni heshima ya kuthubutu: maoni kwamba maisha ya kawaida yana hatari zake za kawaida, na kwamba anayekingwa na zote hukingwa pia na ukuaji. Filamu inaliweka wazo hilo majini. Zak hajui kuogelea, nao wanalazimika kuvuka mlango mpana wa maji. Tyler anamfunga kamba na kumvuta, na chombo kikubwa cha uvuvi nusura kiwapitie juu. Hapo mtazamaji mwenye uzoefu wa uhudumu hushika kichwa, na ana haki ya kukishika, kwani kitendo chenyewe ni cha upumbavu. Hata hivyo ni Tyler huyo huyo ambaye baadaye anamfundisha Zak kuogelea, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika miaka yote ya usalama, na ni yeye anayemwambia Eleanor, kwa maana kama si kwa maneno haya, kwamba hata kama hajawahi kumwita kijana huyo jina la kumdunisha, kila anapomfanyia kile anachokiweza mwenyewe anakuwa amemwita.

Katika nyumba alimofanya kazi mwandishi, kuvuka maji kulikuwa kupanda basi. Alikuwapo mkazi mmoja, mwanamume wa makamo mwenye sindromu ya Down, aliyesikia Kiswahili cha wahudumu kwa muda mrefu hata akawa anawaamkia wazee wa zamu kwa shikamoo na kusubiri marahaba yake kwa ukali wa mdai. Aliijua njia ya basi la mtaa ule, kituo baada ya kituo, pamoja na rangi ya mlango wa kila duka, lakini mpango wake wa matunzo, yaani hati inayoeleza mtu atasaidiwa nini na nani, haukumruhusu kupanda peke yake. Hoja ilikuwa ya kweli: aliwahi kupotea utotoni, na usomaji wake ulikuwa mdogo. Dada yake, mwanamke asiyeogopa mikutano, aliibua suala hilo katika kikao cha kila mwaka, na baada ya ubishi ikakubaliwa ajaribu, mhudumu mmoja akimfuata nyuma kwa gari bila yeye kujua, ingawa alijua tangu siku ya kwanza na kumpungia mkono dirishani. Akashuka kituo sicho. Aliingia katika duka la karibu, akaonyesha kadi yenye namba za simu za nyumbani, akanunuliwa soda na mwenye duka, na akarudi akiwa na hadithi ambayo aliisimulia kwa wiki nzima, soda ikizidi ukubwa kila iliposimuliwa. Ripoti ya tukio iliandikwa, kurasa mbili. Sehemu ya fomu hiyo iliyoitwa hatua za kuzuia tukio lisijirudie ilijazwa na mhudumu wa kutoka Mombasa aliyeandika kwamba mkazi afundishwe kituo kinachofuata.

Namna filamu yenyewe ilivyozaliwa inafuata mantiki ile ile. Gottsagen, mzaliwa wa 1985 aliyekulia Florida, alisoma maigizo katika shule ya sanaa ya Dreyfoos huko West Palm Beach, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika jumba la sinema la mtaani kwake, akiwaelekeza wengine waliokuja kutazama watu wengine. Alikutana na Nilson na Schwartz katika kambi ya sanaa huko Venice, California, inayowaunganisha waigizaji wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Aliwaambia kwamba anataka kuwa nyota wa filamu. Wao, kwa nia ya kumwepushia uchungu, wakamweleza kwamba nafasi za watu kama yeye karibu hazipo. Naye akawajibu kwamba basi waiandike wao. Jibu hilo lingeweza kupita kama la mtoto asiyejua ugumu wa dunia, na pengine waongozaji wenye mafanikio wangelipuuza kwa tabasamu, lakini hao wawili hawakuwa na fedha wala jina la kupoteza, na wakajifundisha uandishi wa filamu ili waitimize ahadi. Waliandika kwa kumjua mtu, ndiyo maana Zak ana ujanja, ana hamaki, anapenda sherehe, na ana mwili wenye nguvu ambao kamera inauheshimu.

Kisa kilichotokea wakati wa upigaji picha kimesimuliwa na LaBeouf mwenyewe hadharani. Julai 2017 alikamatwa na polisi mjini Savannah kwa ulevi, tukio lililorekodiwa na kusambaa, na likaiweka filamu nzima hatarini. Gottsagen, ambaye alikuwa amesubiri nafasi hiyo kwa miaka, alimkabili na kumwambia, kwa ufupi, kwamba yeye LaBeouf tayari ni maarufu, ilhali hii ni bahati ya Gottsagen, naye anaiharibu. LaBeouf alieleza baadaye kwamba maneno hayo yalimgusa sana. Habari hiyo imependwa sana, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba mwenye ulemavu aliletwa duniani kumtakasa mwenzake. Usimulizi huo unastahili kukataliwa. Kwanza, maisha ya LaBeouf hayakunyooka kwa sababu ya kisa hicho, kwani mwishoni mwa 2020 alifunguliwa kesi ya madai mazito ya unyanyasaji na mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Gottsagen hakuwa akitoa mahubiri. Alikuwa mfanyakazi anayemkaripia mfanyakazi mwenzake aliyehatarisha kazi ya wote, na karipio la namna hiyo hutoka kwa mtu anayejiona kuwa sawa na anayemkaripia.

Historia ya sinema inaonyesha jinsi usawa huo ulivyochelewa. Kwa muda mrefu ulemavu wa akili na usonji vilikuwa mavazi ya waigizaji mashuhuri: Dustin Hoffman alipata Oscar kwa Rain Man ya 1988, Tom Hanks kwa Forrest Gump ya 1994, na Sean Penn aliteuliwa kwa I Am Sam ya 2001. Walioivunja desturi hiyo walikuwapo pia. Kuanzia 1989 Chris Burke, mwenye sindromu ya Down, aliigiza katika tamthilia ya televisheni ya Marekani Life Goes On kwa misimu minne; mwaka 1996 Pascal Duquenne wa Ubelgiji alishirikiana na Daniel Auteuil tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mjini Cannes kwa Le huitième jour ya Jaco Van Dormael; na mwaka 2009 Mhispania Pablo Pineda alipata ya San Sebastián kwa Yo, también. Ile ya Van Dormael ndiyo ndugu wa karibu wa The Peanut Butter Falcon, kwa kuwa nayo inamkutanisha mtoro wa kituo na mtu mwenye huzuni barabarani, lakini Georges wa Duquenne, baada ya kumrudishia mwenzake uhai na familia, anajiua, kana kwamba kazi yake imekwisha. Filamu ya Nilson na Schwartz inamgeuzia mtazamaji desturi hiyo: anayepigwa chuma kichwani na kulala hospitalini ni Tyler, na anayebaki amesimama ni Zak.

Mkazi yule wa basi aliitazama filamu hii sebuleni pamoja na wahudumu wawili, akacheka sana penye sabuni, akachoka penye mapenzi ya Tyler na Eleanor, na akataka sehemu ya mieleka, ambapo Zak anamwinua mpinzani wake juu na kumtupa nje ya ulingo, irudishwe mara kadhaa. Swali lake moja lilikuwa kama Zack alilipwa. Halikuwa swali la udadisi. Kipengele cha 14(c) cha sheria ya ajira ya Marekani ya mwaka 1938 kinaruhusu mwajiri mwenye cheti maalumu kumlipa mtu mwenye ulemavu chini ya kima cha chini, kwa kuupima mwendo wake wa kazi dhidi ya ule wa asiye na ulemavu. Na ingawa kima cha shirikisho chenyewe kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, mkazi huyo, aliyefungasha vijiko vya plastiki katika karakana, alikuwa akiletewa hundi ambayo haikufika hapo hata kwa mbali. Tena yeyote anayepokea posho ya serikali ya watu wenye ulemavu iitwayo SSI hapaswi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1989, hivyo hata ndoto ya kuwa nyota ina ukingo wake wa hesabu. Alipoambiwa kwamba ndiyo, Zack alilipwa, na jina lake limeandikwa juu pamoja na ya wengine, alitikisa kichwa kwa ridhaa kama mwanachama wa chama cha wafanyakazi.

Filamu ilipokewa vizuri: ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la South by Southwest huko Austin, Texas, mwezi Machi 2019, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 20 Amerika ya Kaskazini, fedha nyingi kwa kazi isiyo na studio kubwa nyuma yake. Tarehe 9 Februari 2020 Gottsagen na LaBeouf walipanda jukwaa la Oscar kutangaza filamu fupi bora, na Gottsagen akawa mtu wa kwanza mwenye sindromu ya Down kutangaza tuzo hapo. Alisema maneno yake polepole, ukumbi ukangoja, na kesho yake watu walibishana kama LaBeouf aliyekuwa akitabasamu pembeni alikosa subira au alikuwa akifurahi na rafiki yake. Ubishi huo ulimnyima Gottsagen nusu ya usiku wake, maana uliurudisha mjadala kwa mtu asiye na ulemavu. Miaka mitatu baadaye James Martin, mwigizaji wa Ireland Kaskazini mwenye sindromu hiyo hiyo, alisimama hapo hapo wakati An Irish Goodbye iliposhinda kama filamu fupi bora, siku ya kuzaliwa kwake, na ukumbi ukamwimbia. Na mwaka 2024 Wafaransa zaidi ya milioni 10 walinunua tikiti za Un p'tit truc en plus ya Artus, yenye kundi zima la waigizaji wenye ulemavu. Mlango ambao Gottsagen aliambiwa haupo sasa unaonekana kuwa na faida, na wenye studio huamini faida.

Kasoro za The Peanut Butter Falcon ni mbili, na moja inasameheka. Mapenzi ya Tyler na Eleanor yamebandikwa kwa gundi ya desturi, yakimwacha Zak, mtu mzima mwenye miaka 22, kuwa shahidi wa busu za wengine, jambo ambalo Yo, también ilikuwa imelikwepa miaka kumi kabla. Hiyo inasameheka kwa kuwa filamu ina mengine ya kutoa. Ya pili iliwasumbua wahudumu sebuleni mle kuliko mkazi wao. Mwishoni wote watatu wamo ndani ya gari wakielekea Florida, jua linawaka, na hakuna anayesema Zak sasa yuko chini ya nani: serikali ya jimbo ndiyo iliyokuwa na dhamana juu yake, Eleanor ameacha kazi, Tyler ana jeraha la kichwa na hana anwani. Mhudumu wa Mombasa aliuliza dawa zake atazisaini nani, na hakuwa akitania.

Lipo jibu, ingawa filamu haikulitafuta. Katika majimbo mengi ya Marekani mtu mzima mwenye ulemavu wa akili huweza kuwekewa na mahakama mlezi wa kisheria anayeamua mahali pake pa kuishi, matibabu yake na fedha zake, na akishawekewa ni vigumu kumtoa. Mwaka 2015 Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuitambua kisheria njia tofauti, ambamo mwenye ulemavu hubaki na mamlaka yake na kuwachagua watu anaowaamini wamsaidie kuelewa hati, kupima uchaguzi na kufikisha uamuzi wake kwa daktari au benki, na majimbo kadhaa yameifuata tangu hapo. Kwa utaratibu huo Eleanor angemsomea Zak karatasi, Tyler angemweleza kwa lugha ya wavuvi kile ambacho karatasi inaficha, na sahihi ya chini ingekuwa ya Zak.